Filamu ya Thelathini na Mbili

Daftari langu la filamu la mwaka ule lilikuwa na filamu thelathini na moja, kila moja na maksi zake kati ya kumi, kwa wino mwekundu. Mstari wa thelathini na mbili ulikuwa na namba tu. Filamu yenyewe ilikuwa ioneshwe Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya ibada, sebuleni kwangu Itetemia, mbele ya wakwe zangu kutoka Ulyankulu. Filamu nyingi zimenichosha maishani. Ile ndiyo pekee iliyonitia hofu.

Mimi si mtu wa kuridhika upesi. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na ualimu ukiisha, kalamu nyekundu haiishi. Katika banda la video la Zamda nina kiti changu karibu na mlango, ili filamu ikinikera nitoke bila kukanyaga watu, na mwaka ule nilitoka mara kumi na tisa. Januari alinitoa binti fukara aliyekwenda kuchota maji na kope za kubandika. Aprili nilitolewa na mzimu uliopiga chafya. Juni ikaja ile ya misafara ya zamani, iliyopigwa huku huku kwetu. Niliiendea kwa shauku, kwani babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akila na kulala kwa watu asiowajua. Kumbe wapagazi wa karne ya kumi na tisa wana alama za chanjo mabegani! Nikaipa mbili.

Lakini dhambi ninayoichukia kuliko zote ni uso unaodanganya. Mwigizaji anasema "karibu mama," huku macho yake yanauliza umefuata nini. Kamera haina adabu, nilizoea kuwaambia watu bandani. Huona hata kile unachojifichia mwenyewe. Nilisema hivyo kwa miaka, nikijiona mjuzi.

Julai kamera ikaniona mimi. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Recheli, aliyekuwa akiolewa na Nestori, fundi umeme, kijana mpole asiyejua kilevi. Kosa lake machoni pangu lilikuwa moja: kuzaliwa Ulyankulu, katika familia iliyoingia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Uraia wanao, mashamba ya tumbaku wanayo, Kiswahili chao hakina doa. Mimi nikabaki na neno moja moyoni, wakimbizi, ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nilidhani neno lisilotamkwa halipo.

Mshereheshaji, katika utani wake, akatangaza kwamba wakwe walishane keki. Esperansi, mama yake Nestori, akavuka ukumbi na kipande kwenye uma, anatabasamu. Nikatoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni, nikatoka nje. Simu haikuwa imeita. Nilisimama kando ya jenereta nikisema "haloo, haloo" peke yangu kama mwehu, mpaka nikasikia muziki umeanza.

Nilijifariji kuwa hakuna aliyenitilia maanani. Harusi ikafungwa Agosti, watu wakarudi mashambani. Desemba Recheli akanipigia: Majidi amemaliza video ya sendofu, miezi mitano baadaye kama ilivyo desturi ya wapiga picha, na wakwe wanakuja tuitazame pamoja. Toka siku hiyo usingizi ukapaa. Chakula nacho kikawa hakishuki. Mke wangu Katarina akadhani ni malaria.

Ijumaa nikaenda kwa Majidi, dukani kwake karibu na soko. Nilimfundisha darasa la tano, na bado huinuka akiniona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Majidi, ile video ya Recheli. Kuna mahali pa keki..."

"Pametoka, mwalimu."

"Pametoka vipi?"

"Recheli alikuja Jumanne, akakaa hapo hapo ulipokaa. Akasema toa hapo, weka maua."

"Alilia?"

"Hapana. Aliirudisha nyuma mara tatu, ndipo akasema hivyo." Akainamia kibodi yake. "Mimi sikumwambia kitu, mwalimu. Aliona mwenyewe."

Nilikuwa nimekwenda kuomba jambo lile lile, na nilipolikuta limeshafanyika liliniuma kuliko kama ningekataliwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, manyunyu yakinilowesha, nikimwona mwanangu mbele ya kompyuta ile, akimtazama baba yake akidanganya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu ya nini? Labda alikuwa anatafuta mahali ambapo simu inaita.

Jumapili nilimwomba Mungu umeme ukatike. Umeme wetu hukatika bila kuombwa. Siku hiyo ukatulia tuli. Wakwe wakaja na galoni ya asali. Esperansi akanipa mkono, akaushikilia wangu kwa mikono yote miwili, akaniuliza habari za mwaka. Nikasema nzuri. Tukakaa, Nestori akawasha televisheni, na Recheli akaanza kumimina chai.

Dakika ya arobaini na saba mshereheshaji akafungua kinywa, "Sasa wakwe wa..." na skrini ikajaa mawaridi mekundu yanayozunguka. Yalipoondoka, watu walikuwa wanacheza. Sauti ilikatwa katikati ya neno. Ingekuwa filamu ya mtu mwingine, ningekuwa nimeshafika mlangoni. Recheli hakuinua macho.

"Mbona pale pa keki hapapo?" akauliza Esperansi, kwa upole tu, kama mtu anayetafuta miwani yake.

Katarina akawahi. "Aa, mkwe, sisi Wanyamwezi tangu zamani wakwe hawalishani. Ni heshima tu. Majidi kaona bora aitoe."

Mke wangu alikuwa amenifungulia mlango mzuri. Wazee wetu kweli waliheshimiana hivyo, na "naam" moja ingetosha kunivusha. Nilimtazama Recheli. Birika lilikuwa limeinama juu ya kikombe na chai haitoki. Alikuwa anasubiri, na nilijua anasubiri nini, kwa sababu alishaniona mara tatu. Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama; pengine kwa sababu darasani kwangu aliyekosa alisimama.

"Si mila," nikasema. "Sikutaka kula mkononi mwako, mama. Siku ile hakuna aliyenipigia simu."

Kwenye skrini watu waliendelea kucheza. Nestori alishika rimoti bila kubonyeza kitu. Recheli akaweka birika chini polepole.

"Najua, baba Recheli," akasema Esperansi. "Nilibaki pale katikati na kipande changu kwenye uma, ukumbi mzima unanitazama. Nikakila mwenyewe." Akageuka kumtazama mwanawe aliyekuwa akicheza kwenye televisheni. "Ilikuwa keki nzuri."

Nami nilikuwa bado nimesimama, sijui kama nimeruhusiwa kukaa.