Mtoto Aliyesubiri Kitanda

Saa mbili asubuhi, mlangoni mwa wodi ya wazazi, Sista Yusta aliukagua mfuko wa Nyamizi kama alivyokagua mifuko ya wote. Vitenge vinne, vipo. Beseni, lipo. Mpira wa kulalia, glavu, wembe, uzi wa kitovu, pamba, vyote vipo. Sweta na soksi za mtoto zilikuwa juu kabisa, maana baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina adabu. Sista alimpima, akaandika kwenye faili, kisha akamwonyesha kitanda namba saba. Kilikuwa na mtu tayari.

"Mtalala mzungu wa nne," alisema. "Wewe kichwa huku, mwenzio kichwa kule."

Nyamizi alikuwa ametoka Ubaruku, kwenye tambarare ya Usangu, ambako mumewe Maganga alibaki na ng'ombe. Uchungu wake ulianza siku ile ile mchana na ukakoma saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa. Kesho yake akawekewa dripu ya uchungu. Dripu ikaisha, njia ikagoma kufunguka. Siku ya tatu Sista Yusta aliinama, akaweka sikio kwenye kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo.

"Shikamoo," ilisema sauti kutoka tumboni.

"Marahaba," aliitikia Sista Yusta. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na mtoto mwenye heshima zake hakuwa mtu wa kumlalamikia. "Mbona hutoki?"

"Nikitoka nitalala wapi?"

Sista aliinua kichwa akaitazama wodi. Kulikuwa na vitanda kumi na viwili na wanawake ishirini na saba, watatu wao chini kwenye mikeka. Akachukua kalamu, akaandika kwenye faili: *Mtoto anauliza mahali pa kulala.*

Nyamizi hakumlaumu mtoto hata kidogo. Miaka miwili nyuma alijifungua kwenye wodi hiyo hiyo, kitanda namba nne, mtoto wa kiume. Siku ya pili mwenzake wa kitandani aligeuka, naye Nyamizi akageuka, na mtoto akaangukia kwenye sakafu ya saruji. Akazikwa Ubaruku kabla hajapewa jina. Huyu wa sasa alijua habari hizo zote, kwa kuwa ndugu aliyetangulia ndiye aliyempisha mle ndani. Nyamizi alitaka kitu kimoja tu duniani: kumshika huyu mikononi, mzima.

Daktari Crispin alipopita raundi, alisoma faili akatikisa kichwa. Alisema angeweza kufanya upasuaji hata leo, shida ni kwamba aliyepasuliwa hawezi kulala mzungu wa nne. Anahitaji kitanda chake peke yake siku tatu mpaka nne, na kitanda cha namna hiyo hakikuwepo. "Tuendelee kumwangalia," alisema, akaenda namba nane.

Vitanda vilikuwepo. Jambo hilo lilijulikana kwa wote, hata kwa aliyekuwa tumboni. Vilikuwa ishirini, vyeupe, vya kupandisha na kushusha, kwenye chumba cha pili, nyuma ya ukuta, vimefungwa nailoni tangu mwezi wa tatu. Vilikuwa vikisubiri mgeni rasmi. Bwana Vitus, katibu wa hospitali, alikuwa na ufunguo wa chumba hicho mfukoni na hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa aliingia kuvipangusa vumbi.

"Kitanda ambacho hakijazinduliwa hakilaliwi," alimweleza Nyamizi kwa upole. "Si mimi, mama yangu. Ni utaratibu."

Mgeni rasmi alitarajiwa mwezi wa nane. Akapata ziara nyingine. Akatarajiwa mwezi wa kumi, ikawa kikao. Turubai lilifungwa na kufunguliwa mara mbili, na wanawake wa kikundi cha ngoma walilishwa pilau mara mbili bila kucheza.

Nyamizi alikaa. Tumbo lilikua kwa kiasi, si kama mtu angedhani, kwa kuwa mtoto alikuwa amejikunja vizuri. Wenzake wa kitanda namba saba walijifungua wakaruhusiwa, mmoja baada ya mwingine, naye akajua miguu ya kila mmoja. Kufikia mwezi wa tisa sauti ya mtoto ilisikika wodi nzima bila kipembe. Sista Yusta, aliyekuwa peke yake zamu nyingi, akaona asipoteze kipaji. Kila asubuhi aliwapanga wajawazito wageni mbele ya namba saba na kumwambia mtoto aanze.

"Karibuni," mtoto alisema. "Raundi ni saa tatu. Daktari akikuuliza, jibu alichouliza, usimwanzie na habari za mawifi. Bafu la kwanza halina kitasa, imba ukiwa ndani. Maji ya moto yanakuja saa kumi na moja alfajiri, ukichelewa umeyakosa. Uchungu ukibana usishike chuma cha kitanda, kimelegea, mshike mwenzako. Ukijifungua, mtoto akae upande wa ukuta. Narudia: upande wa ukuta."

Wageni waliitikia ndiyo, wakatafuta ukuta.

Mama mkwe wake Nyamizi, Bi Sayi, alikuja kutoka Ubaruku kila baada ya wiki mbili na kibuyu cha maziwa mgando. Alivuta kigoda, akalielekea tumbo na kulisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mjukuu wangu."

"Mwangaluka, bibi. Ng'ombe wazima?"

"Wazima. Yule wa baka amezaa."

"Amezalia wapi?"

"Zizini."

"Peke yake?"

"Peke yake, na nafasi ya kugeuka."

Bi Sayi akaona ameropoka, akaanza habari za mpunga.

Tekla aliingia namba saba mwezi wa kumi na mbili, mwenyeji wa Ilomba, fundi cherehani, mimba ya kwanza baada ya kuolewa miaka kumi na moja. Alikuwa mcheshi na alikoroma hata usingizi wa mchana. Mchana mmoja Nyamizi, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwisha, aliweka mkono tumboni akanong'ona, "Mwanangu, tumepewa kitanda. Toka."

"Na huyu anayekoroma miguuni pako ni nani?"

Nyamizi aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Tekla akafumbua jicho moja. "Mwache, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumsubiri huyo mgeni wao."

Mgeni akaja mwezi wa pili, Jumatano, saa nne asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Utepe mwekundu ulikatwa. Hotuba ilitaja vitanda mara kumi na nane, mtoto alihesabu. Kisha mpiga picha akasema vitanda vitupu havipendezi, na Bwana Vitus akaja mbio wodini kuomba akina mama ishirini wasafi. Nyamizi alipewa namba tatu. Alilala chali, akanyoosha mikono yote miwili, na pande zote mbili mikono ikaishia kwenye shuka.

"Mama," mtoto alisema taratibu. "Simsikii mtu."

"Hakuna mtu. Ni mimi na wewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Nyamizi, na safari hii hakuwa anadanganya.

Mgeni rasmi alimpa mkono, akapigwa naye picha, akaondoka na magari yake. Vumbi lilikuwa halijatua pale getini mtoto alipoanza kutoka. Hakusumbua. Sista Yusta alifika akiwa na glavu moja mkononi, akamkuta ameshatoa mabega. Alikuwa msichana, kilo saba, ana meno manne na nywele za kusuka. Nyamizi alimchukua, akamnusa shingoni, akalia kwa sauti bila kujizuia. Alikuwa amemsubiri miezi kumi na saba, na mtoto alikuwa mzito, mwenye joto, mzima. Alimpa jina pale pale, akamwita Lea.

Lea alimtazama mama yake, kisha akatazama kitanda, upana wake wote. Akapiga mwayo.

Saa saba Bwana Vitus aliingia na vijana wanne na marobota ya nailoni. Alivua kofia.

"Hongera, mama. Nasikitika kidogo," alisema. "Kilichozinduliwa leo ni vitanda. Vitanda ni vya jengo jipya, na jengo jipya bado halijazinduliwa. Lile linahitaji mgeni mkubwa kuliko huyu. Vinatakiwa vikafungiwe humo."

"Mpaka lini?" aliuliza Sista Yusta.

"Tumeandika barua."

Sista Yusta alivaa glavu mpya. Alikuwa na wanawake wengine wawili chumba cha kujifungulia. Bwana Vitus mwenyewe alimsaidia Nyamizi kushuka, akambebea beseni mpaka namba saba, akambana Tekla kidogo asogee.

Nyamizi alimlaza Lea upande wa ukuta. Yeye akakaa ukingoni, mguu mmoja sakafuni. Nje vijana walikuwa wakiburuta vitanda kwenye kokoto, na kila mlio wa chuma ulimwingia tumboni, pale palipokuwa patupu sasa. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, zote kwa pamoja, na hakuna iliyompisha mwenzake.

Ndipo sauti nyingine ikasikika, nyembamba zaidi, kutoka tumboni kwa Tekla, ambaye tarehe zake zilikuwa zimepita wiki tano.

"Wewe uliyetoka," iliita. "Kitanda kipo?"

Lea alifumbua macho, akafumbua na mdomo, lakini alikuwa ameshazaliwa, na maneno yalikuwa yamempotea kama yanavyowapotea wote wakizaliwa. Alilia tu, kilio cha kawaida cha kichanga anayetaka ziwa.

"Sijaelewa," ilisema sauti. "Basi mama yake anijibu. Kipo?"

Tekla alijiinua kwa viwiko. Macho yake yalimwomba Nyamizi, na alichokuwa anaomba kilieleweka. Miaka kumi na moja ni mingi. Neno moja tu, kipo, na huenda kabla ya jioni angekuwa na wa kwake kifuani.

Nyamizi aliutazama ukingo aliokalia, na saruji chini yake.

"Bado," alisema.

"Asante, mama mdogo," ilisema sauti. "Nitasubiri."

Sista Yusta akachukua faili la Tekla, akaandika, akaendelea na zamu. Tekla alijilaza tena, machozi yakimshuka kuelekea masikioni. Baada ya muda alinyoosha mikono.

"Naomba nimshike huyo wako," alisema. "Kidogo tu."

Nyamizi akampa.