Mita Mbili Nukta Tano

Nimekata vitambaa Biashara Street tangu Januari 1986, na sijawahi kumwibia mteja hata upana wa kidole. Nalisema mapema kwa sababu jinsi nilivyotolewa pale kazini, mtu anaweza kudhani mimi ni mwizi au mjinga. Haki ya Mungu, mimi si mwizi wala mjinga.

Aliyenitoa ni Sejal, binti ya mwenye duka, Mzee Chandulal. Mzee alipougua mwaka huu wa 2007, binti akashika duka, akaleta kompyuta, kisha akatangaza kwamba sisi wauzaji tutafanya mtihani. Atakayeanguka aende nyumbani. Mimi nina mtoto mmoja, Shiko, yuko darasa la tano kule Uthiru, na landilodi wangu hajui kungoja. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa inatulisha.

Swali lilikuwa moja tu. Mteja amenunua mita 2.5 za kitambaa, kila mita ni shilingi 140. Atalipa pesa ngapi?

Ningeulizwa kwa mdomo, "Nyakio, mita mbili na nusu," ningesema mia tatu hamsini kabla hajameza mate. Lakini ile ilikuwa karatasi. Na pale dukani risiti tuliziandika vile Mzee mwenyewe alitufunza: mita, nukta, halafu sentimita kama zilivyo kwenye tepu. Nusu mita ni sentimita hamsini, kwa hivyo unaandika 2.50. Ukiona 2.5, hizo ni mita mbili na sentimita tano, zile anazoongezewa fundi za pindo. Nikazidisha vizuri kabisa. Nikaandika 287.

Sejal akachora mkasi mwekundu wa kosa juu yake. "Nyakio, hii ni hesabu ya watoto."

Nikamweleza habari ya tepu. Akaniambia kompyuta haijui tepu. Makau, kijana aliyeingia juzi, ambaye akikata kitambaa kinaenda upande, akapita. Mimi nikapewa notisi ya hadi mwisho wa Novemba. Iliniuma, nisidanganye mtu. Nilijifungia kwenye choo cha duka nikalia mpaka mtu akabisha.

Jumapili baada ya kanisa Shiko akanitolea kitabu chake cha hesabu.

"Mathe, hiyo tano si sentimita," akasema. "Namba ya kwanza baada ya pointi ni vipande vya kumi. Vipande vitano kati ya kumi ni nusu."

"Nani alisema?"

"Ni hivyo tu, kila mahali."

Nilifanya maswali yote ya ukurasa ule, ya sukari kilo 1.25, ya mafuta taa lita 0.75, mpaka nikayapata yote. Nilitumia jioni mbili. Miaka yote hiyo nimemfanyia baba yake Sejal kazi, na yule msichana hakuweza kunipa jioni mbili.

Siku ya mwisho Sejal akanisukumia karatasi ya malipo. Kiinua mgongo changu kilikuwa shilingi elfu nne kwa kila mwaka niliofanya kazi, na nilikuwa nimefanya miaka ishirini na moja na miezi kumi na moja. Yeye alikuwa ameandika 21.11, mara 4,000, jumla shilingi 84,440.

Nikaitazama ile nukta kwa muda.

"Madam," nikamwambia, "hapa umehesabu kama mwaka una miezi mia moja. Una kumi na miwili. Mimi nilibakisha mwezi mmoja tu nitimize ishirini na miwili."

Akacheka kidogo, akavuta kikokotoo, kisha akaacha kucheka. Zilipungua shilingi 3,226 na senti sitini na saba. Akafungua droo, akanihesabia noti mezani, senti akaziacha.

"Pole, Nyakio. Ni kosa dogo, mtu yeyote anaweza kukosea hapo."

"Na kazi yangu?"

"Hiyo tulishamaliza."

Akanionyesha pa kutia sahihi, nikatia. Kosa lake lilikuwa la zaidi ya elfu tatu, kwenye jasho la mtu, na kesho yake angefungua duka kama kawaida. Langu lilikuwa la shilingi sitini na tatu, na hakuna kitambaa kilichokatwa.