Barabara Ukutani

Fundi cherehani alikuwa amevunjika mguu, na daktari alimwamuru asiinuke kitandani. Dirisha la chumba chake lilitazama barabara, lakini kioo kilikuwa kimepasuka na kuanguka chote, kwa hiyo mumewe aliliziba lote kwa boksi gumu, akisema mwenye vioo atakuja kesho. Kesho hiyo ikawa ya kila siku.

Asubuhi moja, jua likizipiga nyumba za ng'ambo, fundi alifumbua macho akaona kitu kinatembea ukutani. Ilikuwa baiskeli. Magurudumu juu, mpandaji kichwa chini, shati lake jekundu kabisa. Nyuma yake akaja mwanamke mwenye ndoo, naye miguu juu, na maji hayamwagiki.

"Wifi! Wifi wee, njoo!"

Wifi yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kutonyamaza kwake, alikuja mbio na mwiko mkononi. Mwanga ukaingia naye mlangoni, ukuta ukawa mtupu.

"Watu wanapita hapo ukutani. Kichwa chini."

"Ni hizo dawa za maumivu, wifi yangu. Umemeza ngapi?"

"Funga mlango kwanza, ndipo unicheke."

Redio akafunga. Macho yalipozoea giza, nyumba ya ng'ambo ikajitokeza ukutani, paa lake la bluu likining'inia kuelekea sakafuni, na mbingu chini yake. Paka akavuka. Redio ikazimika.

"Tutoke humu," alinong'ona hatimaye.

"Nitatokaje na mguu huu? Wewe nenda barabarani, unipungie mkono."

Akaenda. Punde gauni la njano, ambalo fundi alilishona mwenyewe, likaja ukutani likipunga mkono juu chini. Fundi alicheka mpaka mguu ukamuuma.

Redio aliporudi, waligundua tundu kwenye boksi, dogo kama punje ya dengu. Redio aliliziba kwa kidole, barabara ikatoweka. Alipokitoa, ikarudi.

"Sawa, mwanga unapita hapa. Ila kwa nini unageuka?"

Fundi alifikiri kidogo, akaomba uzi. Wakaupitisha tunduni, Redio akatoka kushika ncha ya nje, fundi akaivuta ya ndani mpaka uzi ukanyooka. Redio alipoinua ncha yake juu ya kichwa, mkono wa fundi ulilazimika kushuka. Alipoishusha hadi viatuni, mkono ukapanda.

"Mwanga haukati kona!" fundi alipaza sauti. "Cha juu kinashukia chini, cha chini kinapanda juu!"

Redio alirudi ndani taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo hili hutokea kila penye giza na tundu? Hata kama hakuna anayetazama?"

"Tangu jua lianze kuwaka."

Wingu likapita, barabara ikafifia. Wakangoja. Iliporudi, Redio aliinuka akaweka kiganja ukutani. Msichana mmoja aliyekuwa akirukaruka njiani akapita juu ya vidole vyake, akaendelea na safari.