Tangazo la Mwalimu Sushila

Shiro alikuwa akimkata kucha bibi mmoja katika nyumba ya wazee anakofanya kazi ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Alipopata nafasi ya kuichungulia, alikuta jumbe arobaini na tatu katika kundi la WhatsApp la wazazi na wanafunzi wa zamani. Ule wa kwanza ulisema: "Poleni sana. Mwalimu Sushila ametutoka."

Juzi tu alikuwa amezungumza naye.

Shule aliyofundisha Mwalimu ilikuwa mbioni kufungwa. Watoto walikuwa wamepungua mwaka hadi mwaka, na baada ya likizo waliobaki wangehamishiwa kwingine. Jumamosi kungekuwa na maonyesho ya historia yake ukumbini. Mkuu wa shule alikuwa na tarehe tu: mwaka jengo la sayansi liliposhika moto, mwaka wasichana walipotwaa kombe la netiboli. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mwalimu Sushila wa hesabu, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akifungua darasa lake saa moja asubuhi na kuwapikia chai ya tangawizi watoto ambao mama zao walikuwa bado njiani kutoka zamu ya usiku. Natasha, binti yake Shiro, alikuwa mmoja wa watoto hao. Kwa hiyo Shiro alijitolea kukusanya kumbukumbu za mwalimu huyo, na Jumanne akatengeneza tangazo kwa mkono wake na kulituma kundini.

Alimpigia Wambui, rafiki yake.

"Wambui, nani amekwambia Mwalimu amefariki?"

"Si ni wewe, Mama Natasha! Picha nyeusi na nyeupe, jina, halafu 1984, kistari, 2016. Chini umeandika tukutane Jumamosi kumkumbuka. Mimi hata nimeshamwomba pasta amtaje kwenye maombi."

"Hiyo ni miaka aliyofundisha!"

"Ngai! Kwani alikufa na miaka thelathini na miwili? Hata sikupiga hesabu. Shiro, umemchuria kifo mwalimu wa watu."

"Usiseme hivyo."

"Basi mpigie."

"Nimempigia mara sita. Hapokei."

"Na si ana ugonjwa wa moyo yule?"

Shiro alikata simu. Alianza kuandika kwenye kundi: Jamani, Mwalimu yu hai. Kidole kikasita. Na kama si hai? Kama kweli ameondoka asubuhi hii, na yeye ndiye aliyetangulia kumtangaza? Kwao, mtu hatandikiwi kitanda cha marehemu angali anapumua, hata kwa mzaha. Akaufuta ujumbe, akamwomba msimamizi ruhusa na kutoka bila kuvua sare ya kazi.

Safari ya kwenda Southall, anakoishi Mwalimu, ilikuwa na treni mbili, na katika zote mbili hakukaa. Pole ziliendelea kumiminika. Kila alipojaribu namba ya Mwalimu, sauti ya mashine ilimwambia simu imezimwa. Natasha alimwandikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba asiwe na wasiwasi, watu wazee husahau kuchaji simu. Shiro alikuwa amehudumia wazee miaka kumi na minne. Alijua pia mambo mengine wanayofanya wazee asubuhi moja, kimya, bila kumsumbua mtu.

Alipoifikia nyumba ya Mwalimu, aliona mlango umeachwa wazi. Kizingitini palikuwa na viatu jozi saba.

Alisimama akivihesabu tena, kana kwamba vingepungua. Msiba wa Wahindi, msiba wa Wakenya, viatu mlangoni ni vilevile. Alkesh, mwana wa Mwalimu, alijitokeza amevaa shati jeupe.

"Alkesh," Shiro alisema.

"Ingia, Auntie," alisema yule kijana, uso umechoka. "Vua viatu."

Sebuleni walijaa watu. Nizar mwenye duka la vitambaa alikuwa na sahani ya matunda mapajani, hajui aiweke wapi. Na katikati yao, kwenye kiti cha kuegemea, blanketi miguuni na mpira wa oksijeni puani, alikuwa ameketi Mwalimu Sushila.

"Haya," alisema kwa sauti nyembamba. "Ndiye huyu aliyeniua."

Shiro alipiga magoti pale pale kwenye zulia. "Mwalimu, nisamehe. Mimi ni mjinga."

"Mjinga ulikuwa tangu zamani, hata fomu za Natasha ulikuwa ukijaza kombo. Nizar amekuja kunizika na maembe. Inuka."

"Nimekupigia, simu imezimwa…"

"Alkesh ameizima. Ilikuwa ikilia kama mtoto." Alipumzika kidogo, akavuta hewa. "Wameandika nini?"

"Ngoja kwanza niwaambie uko hai."

"Wewe! Ukiwaambia, wataacha. Nisomee."

Shiro alifungua simu. Alisoma ujumbe wa Miradie, ambaye sasa ni muuguzi Thamesmead: Nilikuja kutoka Kongo sijui Kiingereza hata kidogo. Mwalimu alinifundisha hesabu kwa Kiswahili, mlango umefungwa, ili wengine wasinicheke.

"Mwongo. Alikuwa akija kwa ajili ya biskuti," alisema Mwalimu. Lakini alikuwa amefumba macho. "Mwingine."

Shiro alisoma wa pili, wa tano, wa kumi. Mtu aliyepewa soksi kavu siku ya theluji. Mtu aliyemaliza kazi ya nyumbani saa mbili kasoro robo, kila asubuhi, pale pale darasani kwake. Wageni waliacha kunong'ona. Alkesh alikuja akakaa sakafuni.

Katikati ya ujumbe mmoja Shiro alinyamaza. Kichwa cha Mwalimu kilikuwa kimelala upande, na mkono umelegea juu ya blanketi. Alitazama kifua chake, kama anavyotazama vifua vya wazee kazini. Alisubiri. Blanketi halikusogea. Kisha likainuka, taratibu, likashuka.

"Mbona umenyamaza?" Mwalimu alisema bila kufumbua macho. "Soma."