Mtoto wa Kwanza Kuchanjwa

Mkurugenzi wa taasisi alimsubiri daktari kwenye ngazi, si ofisini. Daktari alipomwona amesimama pale, koti mkononi, alijua hakuna heri.

"Dada, nina neno moja kabla hujaingia," mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini. "Wiki ijayo tunaanza kuchanja watoto nchi nzima. Homa ya shingo imeanza kurudi, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ukitoka humo ndani ukasema profesa alikuwa mtu mbaya, akina mama watawaficha watoto uvunguni."

"Sijasema lolote bado."

"Ndiyo maana nakuwahi."

Daktari alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya watoto, na ndiye aliyepewa uenyekiti wa kamati ya kuamua kama jengo jipya la maabara lipewe jina la marehemu profesa. Mwanzoni kazi ilionekana nyepesi. Profesa ndiye aliyetengeneza chanjo ya homa ya shingo, enzi ambazo ugonjwa huo ukiingia mtaa mmoja hautoki bila kuacha vilio. Ndiye pia aliyemfundisha daktari kazi. "Mtoto mwenye hofu humshiki kwa nguvu," alikuwa akimwambia, "unamshika kwa maneno." Daktari alimpenda yule mzee, na hakuwahi kuona sababu ya kuona haya.

Kisha fundi saa mmoja akasikika redioni. Alisema yeye na dada yake walilelewa katika kituo cha watoto yatima, na profesa aliwachanja wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Dada yake alikufa. Yeye sikio lake la kushoto lilikufa. Tangu siku hiyo mji uligawanyika. Huku wakasema fundi ametumwa, kule wakasema mzee alikuwa mchinjaji. Daktari alikatwa jicho hata na muuza mboga wake.

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu na feni iliyolalamika. Wajumbe wenzake wawili, wakili na mwanahistoria, walikuwa wameshakaa. Fundi saa alikaa mwisho wa meza, ameugeuza mwili mzima ili sikio lake zima liwaelekee. Upande wake wa pili, nyuma kidogo, alikaa binti wa profesa, mfamasia mstaafu, mkoba umekaa wima mapajani. Juu ya kichwa chake ilitundikwa picha ambayo kila aliyesoma shule aliijua: profesa ameinama na sindano, na mbele yake binti huyo akiwa katoto kenye utepe kichwani, kamekunja uso. Vitabuni iliandikwa hivi: alimchanja mwanawe kwanza.

Mkurugenzi aliingia akakaa ukutani. Hakuwa mjumbe, lakini nani angemtoa?

Wakili alianza na fundi. "Mzee, ulikuwa mtoto mdogo. Una uhakika gani kwamba ni ile sindano? Homa yenyewe ilikuwa mtaani."

"Mlezi wetu alituambia ni dawa ya minyoo," fundi alisema. "Tukapanga mstari. Dada yangu tulimwita Kijiti, kwa wembamba wake. Alinivuta nikae nyuma yake, maana nilikuwa naogopa sindano. Usiku ule ule shingo yake ilikakamaa. Yangu ikafuata."

"Inaweza kuwa bahati mbaya tu."

"Mstari mzima?" Fundi alipiga kofi mezani, vikombe vikaruka. "Wewe kijana, umewahi kulala chumba ambacho vitanda vinapungua?"

Wakili alirekebisha tai yake, akaonyesha picha ukutani. "Sikudharau, mzee wangu. Ila nieleze hili. Profesa alimpa mwanawe wa kumzaa kabla yenu. Mtu anayejua kitu kina hatari atampa mtoto wake?"

Daktari hakuwa akimtazama fundi. Alikuwa akimtazama binti wa profesa. Vidole vya yule mama vilikuwa vimeng'ang'ania kishikio cha mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya. Na hakuwa ameinua macho kuitazama picha, hata mara moja.

Daktari angeweza kukaa kimya. Hoja ya wakili ilikuwa imekaa vizuri, jengo lingepata jina, chanjo ingeanza kwa amani. Kule ukutani mkurugenzi alimtumbulia macho.

"Mama," daktari alisema, "unaikumbuka siku ile?"

"Naikumbuka."

"Ulikuwa wa kwanza?"

Mkurugenzi aliinuka. "Mwenyekiti, mama huyu ni mgeni wetu, si mshtakiwa."

"Kaa, baba," daktari alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Mama, usipotaka kujibu sitakulazimisha. Lakini nitaandika kwamba nilikuuliza."

Yule mama alisema polepole, akiitazama meza.

"Hiyo picha ilipigwa mwaka uliofuata. Mpiga picha alikuja na utepe wake mfukoni. Ile dawa ya kwanza... mama yangu alimuuliza baba mezani, mbona wa kwetu hujamchanja? Baba akasema, 'Bado ni kali. Ngoja tuone.' Nilikuwa nimekaa pale, nakula." Akaendelea: "Maisha yangu yote watu wananiuliza kama sindano iliuma. Shuleni, kwenye harusi yangu, hata kwenye msiba wake. Nasema iliuma kidogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa wa ngapi."

Wakili aliondoa macho kwenye picha.

"Amesemaje?" fundi aliuliza. Yule mama alikuwa upande wa sikio bovu, na alisema kwa kunong'ona. Fundi alimgeukia huyu, akamgeukia yule. "Mbona mmenyamaza? Amesemaje?"

Mwanahistoria aliinamia karatasi zake. Mkurugenzi aligeukia dirishani. Daktari aliona hakuna atakayemsaidia. Aliinuka, akaizunguka meza, akainama kwenye sikio la kulia la yule mzee, akamrudia maneno yote, hata lile la "ngoja tuone". Lilikuwa gumu kuliko kumpa mzazi habari za msiba, na hizo alishazitoa nyingi.

Fundi alikaa kama aliyemwagiwa maji.

"Kwa hiyo alijua," alisema hatimaye.

"Alikuwa na hofu," daktari alisema.

"Hofu ya mwanawe. Ya kwetu hakuwa nayo."

Daktari alirudi kwenye kiti chake, akayaandika maneno hayo.

Mwanahistoria ndiye aliyeuliza, kwa upole, mzee anataka nini. Jina lifutwe vitabuni? Picha ishushwe?

"Picha fanyeni mtakavyo," fundi alisema. "Wanangu nimewachanja kwa chanjo hiyo hiyo, nimewapeleka mwenyewe, na ni wazima. Sisemi haifai. Nasema tulidanganywa, dada yangu akafa, na kila mwaka mnapiga makofi bila kumtaja. Hilo ndilo linaloniuma."

Kura ilikuwa mbili kwa moja. Wakili alitaka jengo lipewe jina la profesa. Daktari na mwanahistoria walikataa, na taarifa yao ilieleza kila kitu: chanjo ni nzuri na imeokoa watoto wasiohesabika, ya kwanza ilijaribiwa kwa yatima bila ridhaa, na Kijiti alikuwa mmoja wao.

"Umeniponza," mkurugenzi alimwambia daktari alipokuwa akitoka.

Kwenye korido fundi alimkuta binti wa profesa akihangaika na kifungo cha mkoba. Alisimama mbele yake.

"Ulikuwa mtoto, sikulaumu kwa hilo," alisema. "Lakini umekuwa mtu mzima muda mrefu, mama."

"Najua," yule mama alisema.

Fundi alitikisa kichwa akaenda zake. Yule mama naye, kaka yake alimkasirikia kwa kuanika siri ya baba yao, hakumpigia simu mwezi mzima.

Wiki iliyofuata daktari alikwenda mwenyewe kituo cha afya. Mkurugenzi hakuwa amekosea: mstari ulikuwa mfupi, na wengine walifika mlangoni wakageuza. Dada wawili walisimama mbele yake, mmoja amebeba mtoto.

"Hii nayo mmeijaribu kwa akina nani?" aliuliza mwenye mtoto, bila salamu.

Daktari aliweka sindano chini. Alimweleza: watu wazima waliojitolea kwanza, kisha watoto ambao wazazi wao walielezwa wakakubali. Akamweleza homa inayoweza kuja, mkono unaoweza kuvimba, na dalili ya kumkimbiza mtoto hospitali.

"Twende zetu," dada yake alisema. "Hata zamani walituambia maneno matamu."

"Hajaniambia matamu," mwenye mtoto alijibu. "Kaniambia mkono utavimba."

Waliteta kidogo. Dada akaondoka kwa hasira. Yule mama akabaki, uso umekunjamana, akauliza maswali mengine mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kusogea karibu kusikiliza. Kisha, shingo upande, akakaa kwenye kiti na kuanza kumvua mtoto shati.