Puliza Tena, Bingwa

Shemeji alipuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, na mstari kwenye kompyuta ukapanda kidogo kisha ukalala, kama mtu aliyejaribu kuinuka kitandani akaghairi.

"Tena, mzee," daktari alimwambia. "Vuta mpaka mwisho, kisha uachie yote kwa nguvu."

Mara ya tatu aliishika meza kwa mikono miwili, midomo imembadilika rangi. Huyu ndiye aliyemwoa dada yangu. Kiwanda cha unga tuliingia wiki ileile: yeye kwenye kujaza mifuko, mimi kwenye mizani ya nje, langoni.

Daktari alifungua bahasha tuliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ndani mlikuwa na vipimo vya shemeji vya miaka mitano. Alivipanga mezani kimoja kimoja, akakunja uso.

"Hivi ni vya mkimbiaji. Mtu haporomoki kutoka hapa mpaka pale kwa miezi minane tangu kipimo cha mwisho. Ulipuliza vizuri siku hizo?"

"Kwani kiwandani tunapuliza?" shemeji aliuliza. "Sisi wa mifuko tunaweka sahihi tu. Muuguzi wa kiwanda alisema kompyuta inatujua."

Nilicheka. "Na wewe ukaamini, shemeji? Kesho utaambiwa kompyuta imekulia chakula chako."

Nilikuwa bado nacheka nilipoona. Kila mstari kwenye karatasi zile, karibu na mwisho, ulikuwa na kijino kidogo. Nakijua kijino kile. Nikipuliza, pumzi hunikwama kooni kabla haijaisha, na muuguzi alizoea kukigusa kwa kalamu na kunitania: "Sahihi yako hiyo, Bingwa."

Bingwa ni jina alilonipa yeye. Watu hupuliza mara tatu. Mimi, kila mwaka, alinipulizisha mara ishirini na zaidi. "Tena, Bingwa. Mashine inataka kujaribiwa, na mapafu kama yako hayapo kiwanda kizima." Nilipuliza mpaka nikaona nyota, kisha nikarudi kwenye mizani kifua mbele. Nyumbani nilijisifu.

Sikutaka kumhukumu haraka. Tulipomzika baba, muuguzi yule aliketi na dada yangu siku tatu. Pengine mistari ya watu hufanana. Pengine mashine ilichanganya majina. Nikamwomba daktari anipime na mimi.

Alibadilisha kidomo cha kupulizia. Nilipuliza mara moja tu. Mstari ukapaa, ukateremka taratibu, na karibu na mwisho kikatokea kijino.

Daktari alichukua karatasi yangu na moja ya shemeji, akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ulipopita, tukaona mstari mmoja tu.

Kumbe nilivikwa kilemba cha ukoka. Kazi ya mifuko haikusimama hata saa moja kwa ajili ya vipimo, msimamizi akaridhika, na kila pumzi yangu ikapewa jina la mtu anayekula vumbi.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa mzima kwa mapafu yako," shemeji alisema. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kisha akamgeukia daktari. "Wangeona vipimo vyangu hasa, wangenitoa kwenye mifuko?"

"Wangelazimika. Na mwaka wa kwanza au wa pili, ungepona."

Daktari alisogeza karatasi zile tano mbele yangu, akaweka kalamu juu yake.

"Nikiwaandikia kiwandani barua yangu peke yake, wataipinga. Anahitajika mtu wa kuandika kwamba pumzi hizi ni zake."

"Wewe kazi bado unayo, shemeji," shemeji akaninong'oneza. "Usijitie kitanzi. Una watoto."

"Na wewe je, wako ni wa nani? Si wapwa zangu?"

Kwenye karatasi ya kwanza nililikata jina lake, nikaandika langu juu. Ya pili mkono ulisita, maana sikujua nakiri kuibiwa au nakiri kuiba. Kando yangu shemeji alikuwa akivuta hewa kwa mluzi mwembamba, akingoja, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu nishike kalamu nilikuwa nimebana pumzi.