Mikono Bila Glavu

Evodia alikuwa akifagia nywele saluni kwake, Chimwaga, msichana asiyemjua alipoinua pazia.

"Hodi, dada. Kesho nina mahafali hapo chuoni. Utanisuka?"

Akavua mtandio. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imekauka na kukatika vipande kama tope la bwawa la Mtera maji yakishapungua, na kichwani magamba yalijaa. Evodia akarudi nyuma. Hakuna msusi asiyeogopa mapunye: chanuo moja tu, mtaa mzima unajikuna.

"Hayo mapunye, mdogo wangu. Katibiwe kwanza."

"Si mapunye. Nimezaliwa hivi." Msichana, aliyeitwa Anastazia, alisema kama mtu aliyechoka kueleza. "Ni ya kurithi. Ngozi yangu haishiki maji. Nimelala kitanda kimoja na wadogo zangu miaka yote, hakuna niliyemwambukiza. Kijijini wanasema mama alikula nyoka akiwa na mimba yangu." Akacheka kidogo. "Mama yangu mjusi tu anamkimbia!"

Evodia naye akacheka bila kutaka.

"Saluni ya pale juu walikubali," Anastazia akaendelea, "ila kwa glavu. Nikaondoka."

Evodia akaitazama mikono yake mwenyewe. "Njoo asubuhi. Nitakusuka bila glavu."

Asubuhi, Anastazia akiwa ameshakaa kitini, Gladness aliingia na wapambe wake. Alikuwa anaolewa siku hiyo, na kazi ya harusi ile ndiyo Evodia aliyoitegemea kwa kodi ya chumba.

"Hee! Shoga, chanuo hilo ndilo lije kichwani kwangu?"

"Machanuo nachemsha, Gladness. Na huu si ugonjwa wa kuambukiza."

"Daktari wa lini wewe? Basi walau vaa glavu, tukae tusubiri."

Boksi la glavu lilikuwa hapo hapo, kwenye rafu. Kwenye kioo Anastazia aliinamisha macho.

"Vaa tu, dada," akanong'ona. "Sitakulaumu."

Evodia aliliacha boksi pale pale. Kisha akamimina mafuta ya alizeti kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto, akaweka mikono yake mitupu juu ya kichwa kile na kuanza kulainisha taratibu.

"Nakuumiza?"

"Hapana."

Nyuma yao viatu vilitoka kwa hasira. Nje bajaji ikawashwa.

"Wameondoka?"

"Wameondoka," Evodia alisema, akilishika chanuo. "Tulia sasa, nisije nikapindisha mstari."